Tiketi, treni na behewa: mambo matatu yanayomchanganya mgeni wa reli

Mtu anayepanda treni ya mkoa kwa mara ya kwanza hufika stesheni, akasimama mbele ya ubao wa treni zinazoondoka na kuanza kutafuta jina la mji anakokwenda. Halioni. Anarudia tena kuanzia juu, mstari kwa mstari, na bado halipo, ilhali dirishani ameuziwa tiketi yenye jina hilo hilo na saa ya kuondoka inakaribia. Hapo wengi huingiwa na wasiwasi kwamba wameuziwa tiketi ya siku nyingine au wamekuja stesheni isiyo yao. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Treni hutajwa kwa jina la kituo chake cha mwisho, na mji wa huyu abiria uko njiani, pamoja na vituo vingine ambavyo ubao mkubwa hauna nafasi ya kuviorodhesha.

Basi ndilo lililotuzoesha vibaya. Kwenye basi, tiketi, gari na kiti ni kitu kimoja: konda akishakuambia panda, maswali yako yote yamejibiwa. Reli haiko hivyo. Tiketi ni jambo moja, treni ni jambo la pili, behewa ni jambo la tatu, na kila moja linaweza kuwa sawa huku jingine likiwa na kasoro. Unaweza kuwa na tiketi halali ukaingia treni isiyoikubali. Unaweza kuingia treni inayoikubali, ikapita kituo chako bila kusimama. Tena unaweza kupata treni inayosimama kwako, ukakaa kwenye behewa lisilofika huko. Ushauri mwingi wa safari, ule wa kufika mapema na kubeba maji, hauyagusi haya hata kidogo, na ndiyo maana mtu huufuata wote na bado akapotea.

Hapa nazungumzia treni zinazounganisha miji na vijiji vya eneo moja, safari ya nusu saa hadi saa tatu au nne, kwa kawaida bila kiti kilichotengwa kwa jina lako. Treni za mbali sana zina utaratibu wake, na kwa kweli humsumbua mgeni kidogo zaidi, kwa sababu kule kila kitu kimeandikwa kwenye tiketi mpaka namba ya kiti.

Tiketi inaruhusu nini

Tiketi za treni, ukizichambua, ni za aina mbili kubwa. Ya kwanza imefungwa kwenye treni moja: ina tarehe, saa na namba ya treni, pengine na namba ya behewa na kiti. Treni hiyo ikiondoka bila wewe, tiketi imekwisha kazi, au utalipa nyongeza ili ibadilishwe. Ya pili imefungwa kwenye njia. Inakupa haki ya kutoka stesheni moja hadi nyingine ndani ya muda fulani, kwa treni yoyote ya daraja linalohusika. Treni za mkoa nyingi huuza hii ya pili, na ndiyo sababu wenyeji wa njia huonekana hawana haraka: wakiikosa hii wanasubiri inayofuata kwa tiketi ile ile. Ya kwanza mara nyingi huwa na bei nafuu. Kwa anayesafiri mara ya kwanza mimi ningechagua ya pili hata ikizidi kidogo, maana foleni ya choo au jukwaa lililobadilishwa dakika za mwisho havigeuki kuwa hasara.

Matatizo huanza pale treni za madaraja tofauti zinapopita kwenye reli moja. Chukua Ujerumani. Kuna tiketi ya mwezi iitwayo Deutschland-Ticket, iliyoanza kutumika Mei 2023, inayomruhusu mwenye nayo kupanda treni za mkoa nchi nzima pamoja na mabasi na treni za mijini. Treni ya mwendokasi ya ICE hupita kwenye stesheni kubwa hizo hizo, pengine dakika chache tu kabla ya treni ya mkoa na kwenye jukwaa la jirani, lakini humo tiketi hiyo haikubaliwi. Mgeni anaona treni nzuri inayokwenda mji wake, anapanda, na mkaguzi anamhesabu kama mtu asiye na tiketi. Japani wamepanga kwa namna nyingine: nauli ya msingi ni tiketi moja, na ukitaka treni ya haraka yenye vituo vichache unanunua tiketi ya pili ya nyongeza. Aliyenunua ya msingi peke yake ana haki ya kupanda treni za kawaida tu, hata kama zote mbili zinaishia mji ule ule.

Kwa hiyo swali la kumuuliza karani wa tiketi, au la kulitafutia jibu kwenye programu ya simu kabla ya kulipa, ni hili: tiketi hii inakubaliwa kwenye treni zipi, na mpaka saa ngapi? Watu huuliza treni inaondoka saa ngapi, wakajibiwa vizuri, wakaondoka dirishani bila kujua kilicho muhimu zaidi.

Angalia pia kama tiketi imetaja njia ya kupitia. Miji miwili ikiwa na reli mbili zinazoiunganisha, moja ya mkato na nyingine ya kuzunguka, nauli zinaweza kutofautiana, na tiketi ya njia fupi haikupi ruhusa ya kuzunguka kwa sababu mandhari ya huko ni nzuri zaidi. Vivyo hivyo kushuka katikati, ukazurura mjini kidogo, kisha ukaendelea na treni ya baadaye: sehemu nyingine inaruhusiwa, nyingine safari inahesabiwa imeisha pale uliposhuka. Usikisie. Uliza.

Halafu kuna nchi ambazo kununua tiketi hakutoshi. Italia, tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa haijafungwa kwenye treni moja, hivyo lazima uigonge muhuri kwenye mashine ndogo iliyoko stesheni kabla ya kupanda, ili ianze kuhesabiwa. Ukipanda bila muhuri huo unaonekana kama mtu aliyenuia kuitumia tena, na faini hutozwa hata kama umelipa nauli yote. Kwingine kuna malango ya kugonga kadi unapoingia na unapotoka. Ukisahau kugonga wakati wa kutoka, mfumo haujui ulishukia wapi na unaweza kukukata nauli ya juu kabisa. Mahali pasipo na lango wala mashine, mkaguzi hupita ndani ya treni. Mgeni akiona hakuna aliyemzuia mlangoni asidhani safari ni ya bure.

Tiketi ya kwenye simu ina udhaifu mmoja usiohusiana na reli: simu ikizimika, huna tiketi. Picha ya skrini nayo haisaidii kila mahali, kwa sababu baadhi ya tiketi zina alama inayojibadilisha ili kuzuia watu kutumiana. Andika namba ya tiketi kwenye karatasi. Namba hizi zina historia yake: katika miaka ya mwanzo ya reli karani aliandika tiketi kwa mkono, hadi Thomas Edmondson, msimamizi wa stesheni huko Uingereza, alipobuni katika miaka ya 1830 kikadi kigumu cha takriban milimita 57 kwa 30 chenye namba ya mfululizo, ili kila nauli iliyopokelewa ihesabike. Ilikuwa kinga ya kampuni dhidi ya makarani. Leo inamfaa zaidi abiria aliyekatwa pesa na mashine isiyotoa tiketi.

Treni ipi

Turudi kwenye ubao. Ukijua kwamba jina kubwa ni la kituo cha mwisho, kazi yako inakuwa kujua, kabla ya kutoka nyumbani, treni yako inaishia wapi. Ratiba ya mtandaoni huonyesha hilo, pamoja na namba ya treni. Namba ndiyo kitambulisho cha kuaminika kuliko vyote, kwa sababu treni mbili zinaweza kwenda mji mmoja kwa njia tofauti, lakini siku moja hazigawani namba. Jukwaani kwa kawaida kuna ubao mdogo zaidi unaotaja vituo vya kati. Huo ndio wa kusoma polepole. Jina la kituo chako lisipokuwepo hapo, usipande kwa matumaini.

Treni zinazofuata reli moja hazisimami mahali pamoja. Kule Ujerumani, treni yenye herufi RB husimama karibu kila kituo, na yenye RE huruka vile vidogo. Nchi nyingine zina majina yao, lakini mgawanyo ni huo huo wa treni ya kila kituo na treni ya vituo vikubwa. Anayekwenda mji mkubwa atafurahia ile ya haraka. Anayekwenda kijiji kilicho vituo viwili kabla ya mji huo ataipungia mkono nyumba ya mwenyeji wake dirishani, kisha arudi kinyumenyume kwa treni ya polepole.

Majina nayo yana mitego. Kuna Frankfurt iliyo kando ya mto Main na Frankfurt iliyo kando ya mto Oder, mpakani na Poland, na kati yao kuna zaidi ya kilomita 400. Ndiyo maana ratiba huandika jina la mto pembeni. Miji mikubwa huwa na stesheni kadhaa zisizounganishwa kwa reli moja: Paris kuna Gare du Nord, Gare de Lyon, Montparnasse na nyinginezo, na tiketi inayoondokea moja haikusaidii ukiwa umesimama kwenye nyingine. Soma jina la stesheni lote, mpaka neno la mwisho.

Ratiba za karatasi zilizobandikwa ukutani huwachanganya watu kwa jambo dogo sana: kuna ya treni zinazoondoka na kuna ya zinazowasili, na zinafanana. Katika nchi kadhaa za Ulaya ya zinazoondoka huwa ya manjano na ya zinazowasili nyeupe. Pembeni mwa saa kuna alama. Namba 1 hadi 7 ndani ya viduara ni siku za juma, 1 ikiwa Jumatatu. Nyundo mbili zilizopishana ni siku za kazi, na msalaba ni Jumapili na sikukuu. Alama hizo ndogo ndizo zinazoamua kama treni unayoiona imeandikwa saa 14:20 itakuwepo leo. Ratiba yenyewe hubadilika. Barani Ulaya mabadiliko makubwa ya mwaka hufanyika katikati ya Desemba, kwa hiyo picha ya ratiba uliyotumiwa na rafiki aliyesafiri Novemba inaweza kuwa imeshapitwa.

Kuhusu saa, sisi tunaosoma kwa Kiswahili tuna kazi ya ziada. Ratiba hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. 07:00 ni saa moja asubuhi, 18:40 ni saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni. Ukimpigia mwenyeji wako akupokee, taja sehemu ya siku, maana “saa mbili” ya mdomoni na “02:00” ya kwenye tiketi zimewahi kuwakesha watu stesheni. Mtego mbaya kuliko wote uko karibu na usiku wa manane. Treni ya 00:10 Jumamosi inaondoka saa sita na dakika kumi usiku wa kuamkia Jumamosi, yaani unatakiwa uwe umefika stesheni Ijumaa usiku. Anayekwenda Jumamosi usiku amechelewa kwa siku nzima.

Ukali huu wa reli juu ya saa haukuja bure. Kabla ya treni kila mji ulifuata jua lake. Bristol ilikuwa nyuma ya London kwa dakika zipatazo 10 na hakuna aliyejali. Mwaka 1840 kampuni ya Great Western Railway ikaamua kutumia saa ya London katika stesheni zake, na tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli za Marekani na Kanada zikagawa bara lao katika kanda za saa. Urusi, yenye kanda nyingi, iliandika ratiba za treni kwa saa za Moscow hadi 2018. Kwa hiyo treni ikivuka mpaka wa kanda, hakikisha saa ya kufika imeandikwa kwa saa za mahali gani.

Behewa lipi

Hili ndilo ambalo hata wasafiri wazoefu hawalitarajii: treni moja inaweza kuwa treni mbili au tatu zilizofungwa pamoja, zitakazoachana njiani. Sababu ni ya kiuchumi na ya nafasi. Reli inayoingia mji mkubwa ina msongamano, na vijiji vitatu vya mbali havina abiria wa kujaza treni tatu nzima. Basi mafungu matatu yanasafiri kama treni moja kwenye sehemu yenye msongamano, kisha kila moja linashika njia yake.

Mfano unaoeleweka vizuri uko kusini mwa Ujerumani. Treni za mkoa zinazotoka München kuelekea milimani zimekuwa zikiondoka zikiwa na mafungu matatu. Zikifika Holzkirchen, fungu moja linakatwa na kuelekea Bayrischzell. Mawili yaliyobaki yanaendelea mpaka Schaftlach, nako yanaachana: moja Lenggries, jingine Tegernsee. Abiria watatu wanaweza kuwa wamepanda jukwaa moja, dakika moja, wakasalimiana, na jioni wakawa kwenye mabonde matatu tofauti. Tiketi zao zote ni halali. Treni yao ilikuwa sahihi. Aliyekosea behewa tu ndiye atakayelala mahali asipopajua. Japani, treni ya Narita Express inayotoka uwanja wa ndege hukatwa kwa namna hiyo kwenye stesheni ya Tokyo, sehemu moja ikaelekea Shinjuku na nyingine Ofuna.

Utajuaje? Ubao wa jukwaani ukionyesha majina mawili au matatu ya vituo vya mwisho kwa treni moja, hiyo ni treni ya kukatwa. Kila behewa huwa na kibao chake pembeni ya mlango au juu ya dirisha kinachotaja linakokwenda; soma hicho, si kile cha kwenye kichwa cha treni. Jukwaa refu hugawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, na ubao huonyesha fungu lipi litasimama kwenye herufi ipi. Ukiwa umechelewa na umerukia mlango wa kwanza uliouona, usikae kabla hujamuuliza abiria wa humo. Mara nyingi unaweza kutembea ndani kwa ndani kwenda behewa lako, lakini treni za kisasa zikiunganishwa, kati ya fungu na fungu huenda hakuna mlango wa kupitia. Hapo inabidi usubiri kituo kinachofuata, ushuke, utembee haraka jukwaani na upande tena. Fanya hivyo mapema, kabla ya kituo cha kukata.

Behewa lina shida nyingine, ndogo lakini ya kuudhi. Stesheni za vijijini zina majukwaa mafupi kuliko treni. Kwa hiyo milango ya mabehewa ya nyuma, au ya mbele, haifunguliwi kabisa. Tangazo hutolewa, na mgeni aliyevaa vipokea sauti masikioni halisikii. Anasimama mlangoni na begi lake, anabonyeza kitufe kisichowaka, na treni inaondoka naye. Kitufe chenyewe hakifanyi kazi mpaka taa yake iwake, kawaida baada ya treni kusimama kabisa. Treni nyingi hazifungui milango yote zenyewe, kwa ajili ya kutunza joto au ubaridi wa ndani, kwa hiyo ukisimama mbele ya mlango uliofungwa ukisubiri muujiza, utausubiri.

Kuna pia vituo vya kuomba, ambavyo treni husimama kama kuna mtu anayehitaji. Njia za mashambani za Wales na za kaskazini mwa Uskochi zina vingi. Anayeshuka humwambia kondakta mapema au kubonyeza kitufe. Anayepanda husimama mahali dereva anapomwona na kunyoosha mkono. Aliyekaa ndani ya kibanda akisoma gazeti huonekana kama hayupo.

Kubadilisha treni njiani

Dakika saba za kubadilisha treni zinaonekana nyingi ukiwa nyumbani. Ukiwa na begi zito, jukwaa namba 2 na namba 11, ngazi katikati na treni yako imechelewa dakika nne, hazipo tena. Programu za kupanga safari hutumia muda wa chini uliowekwa kwa kila stesheni, na muda huo umepimwa kwa mtu anayetembea vizuri na anayeijua njia. Ongeza. Kama treni zinapita kila nusu saa, kukosa moja si balaa na unaweza kujaribu bahati. Kama inayofuata ni kesho, chukua ile inayokuacha usubiri dakika arobaini na ule kitu huku ukisubiri. Kipimo changu ni kuuliza kwanza treni ya mwisho ya siku ni ya saa ngapi, kisha kuhakikisha mpango wangu hauitegemei hiyo. Treni ya mwisho haina mbadala, na ni ajabu jinsi watu wanavyoipanga kama chaguo la kwanza.

Uswisi ndiko walikorahisisha jambo hili kuliko wengi. Tangu 1982 treni zao hupita kwa dakika zile zile kila saa, na stesheni kubwa zimepangwa ili treni za pande zote zikutane karibu na saa kamili au nusu saa, zisubiriane kidogo, kisha zitawanyike. Mahali pasipo na mpango huo, treni mbili zinaweza kupishana kwa dakika moja kila siku mwaka mzima, na hakuna aliyekosea.

Wageni hulalamika kwamba treni ya pili “ilituona tukikimbia ikaondoka.” Iliwaona, pengine. Lakini kwenye reli ya njia moja, treni mbili zinazokuja uso kwa uso hupishana kwenye stesheni tu, na ishara za usalama haziruhusu zote mbili kuwa kwenye kipande kimoja. Treni yako ikichelewa kuondoka dakika mbili, ile inayosubiri kupishana nayo mbele inachelewa pia, nayo ina abiria wanaowahi treni nyingine. Milango hufungwa kabla ya saa ya kuondoka iliyoandikwa. Ufaransa hutangaza kwamba mwisho wa kupanda ni dakika 2 kabla. Saa ya kwenye ratiba ni ya magurudumu kuanza kuzunguka. Na magurudumu ya chuma juu ya reli ya chuma hayakamati kama matairi ya gari: treni iliyo kwenye kilomita 160 kwa saa huhitaji karibu kilomita moja kusimama, ndiyo maana mstari wa jukwaani unaokuambia urudi nyuma si wa kujadiliana.

Kama safari yako ina treni mbili, nunua tiketi moja ya safari nzima inapowezekana. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, na ya kwanza ikakuchelewesha ukaikosa ya pili, kampuni ya pili inaweza kusema haihusiki: kwake wewe ni abiria aliyekuja umechelewa. Tiketi moja inawafanya wabebe kuchelewa kwako kama jambo lao. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni ya haki za abiria wa reli inayotumika tangu Juni 2023 inataja fidia ya robo ya nauli kwa kuchelewa kufika kuanzia dakika 60, na nusu kuanzia dakika 120, ingawa nchi zinaruhusiwa kuziacha treni za mkoa nje ya baadhi ya masharti yake. Uliza kabla ya kudai kwa sauti kubwa.

Mambo yakienda kombo

Treni ikifutwa kwa matengenezo ya reli, aghalabu usiku au mwisho wa juma, kampuni huleta basi la badala yake. Basi hilo halisimami jukwaani. Lina mahali pake nje ya stesheni, wakati mwingine upande wa pili wa barabara, na huchukua muda mrefu zaidi. Fuata abiria wenye mizigo wanaotembea kwa uhakika, lakini hakikisha kibao.

Ukipitishwa kituo chako, usivute breki ya dharura. Hiyo ni ya hatari ya maisha, na kuivuta kwa sababu ya kituo au begi lililobaki jukwaani ni kosa la kuadhibiwa. Shuka kituo kinachofuata chenye treni za kurudi, na mweleze kondakta kabla hajakuuliza. Anayejieleza mwenyewe husikilizwa kwa namna tofauti na anayekutwa.

Ukisahau kitu ndani, kumbuka treni haipotei: inaishia kituo chake cha mwisho, na huko husafishwa. Ofisi ya vitu vilivyopotea itakuuliza namba ya treni, saa, na ulikaa behewa la ngapi. Anayejibu “ile ya bluu” anaipa kazi kubwa bure.

Kuhusu kukaa, mstari wa manjano juu ya madirisha, kwenye treni nyingi za Ulaya, ni daraja la kwanza. Tiketi ya kawaida haikai humo hata viti vikiwa vitupu. Mzigo mzito uweke pale unapouona bila kugeuka. Kituo kimoja kabla ya chako, anza kusogea mlangoni, kwa sababu kituo kidogo hupewa nusu dakika.

Na ukishashuka usiitupe tiketi, wala usiifute kwenye simu. Stesheni nyingine zina lango la kutokea linaloisoma upya, nyingine zina wakaguzi waliosimama chini ya ngazi, na huko nje ya treni tiketi yako bado inaulizwa mpaka uvuke mlango wa barabarani.